Mlezi Aitwaye B.

Mtaani kwao walimwita Profesa tangu akiwa na meno ya utoto. Hakuwa na akili kuliko wenzake. Ni kwamba hakuweza kumsikia mtu akikosea akanyamaza. Aliyempa jina hilo ni kaka yake, na kaka mtu naye mtaa ulimwita Koki, kwa kuwa alikuwa fundi bomba na hakukuwa na sinki katika nyumba zile ambalo hakuwahi kulala chali chini yake. Wazazi wao walifariki mmoja akimfuata mwenzake, Koki akiwa kijana ndiyo kwanza ameanza kujitegemea, Profesa bado anajifunza kuandika jina lake. Tangu hapo kila kitu kilitoka kwenye mfuko wa Koki: sare, madaftari, ada, nauli, hata mafuta ya nywele, ambayo alikuwa akinunua ya wanaume kwa kutojua, na mdogo wake akapaka bila kusema neno, Profesa na uprofesa wake wote.

Basi Profesa akasoma, akahitimu, akaajiriwa afisa ustawi wa jamii. Akafanya kazi miaka kadhaa, akaona kwamba bila shahada ya uzamili atazeekea kwenye kiti kile kile, akiandika ripoti ambazo wakubwa husaini bila kusoma. Akaomba chuo, akapokelewa. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

Maana anayesomea biashara hakosi wa kumshika mkono. Benki zinamtaka, kampuni zinamtaka. Anayesomea udaktari, serikali inamngoja mlangoni. Lakini anayesomea namna ya kukaa na mama aliyepigwa, au mtoto aliyetupwa, au mzee aliyesahauliwa wodini, huyo kila mtu anamwambia kazi yake ni ya wito, halafu anajiendea zake. Wito haulipi ada. Mikopo ya serikali ilikuwa ya shahada ya kwanza tu. Mwajiri wake alimpa ruhusa bila mshahara, akamtakia kila la heri. Na masomo yenyewe yana kitu kinaitwa mafunzo kwa vitendo: mwanafunzi anapelekwa hospitali au mahakama ya watoto, anafanya kazi kutwa kama mwajiriwa, jioni anarudi nyumbani na asante. Tena yeye ndiye anayekilipa chuo ili apate nafasi hiyo ya kufanya kazi bure. Aliyebuni utaratibu huu sijui alikuwa anakula nini.

Mwaka wa kwanza Koki alilipa, kwa vipande vipande, kila baada ya kazi. Kisha mgongo wake ukaharibika. Alikuwa amejikunja chini ya beseni la kuogea la watu, akasikia kitu kimeachia kiunoni, na tangu siku hiyo akawa wa kufanya kazi siku mbili, kupumzika tatu. Hakulalamika. Alianza tu kuitajataja mashine yake ya kukatia mabomba, ile kubwa aliyokuwa akiifunika shuka usiku, kwamba kuna fundi mwenzake anaitamani.

"Usiiuze, kaka," Profesa alimwambia. "Kuna ufadhili nitaomba."

"Omba. Lakini wiki ya usajili ikifika hujapata kitu, mimi nauza. Hujatoka kote huko uje ukwamie mlangoni."

"Na wewe utafanyia nini kazi?"

"Kwani zamani mabomba yalikatwa na nini? Msumeno upo."

Msumeno, na mgongo ule. Profesa alitoka pale amekasirika, na hakujua anamkasirikia nani.

Ufadhili ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa mfuko ulioanzishwa na mama mmoja mstaafu wa ustawi wa jamii, ukachangiwa na wafanyabiashara wenye huruma, ukawa unawasomesha wanafunzi wachache wa uzamili wa fani ile na ile tu. Profesa alishauomba mara moja, mwaka uliotangulia, akaandika ukweli mtupu: wazazi wamefariki, ninaye kaka, ni fundi, ndiye aliyenisomesha, mzigo sasa unamwelemea. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba mfuko unawatanguliza wale wasio na msaada wowote wa familia. Yaani angekuwa na kaka mbaya, angesoma.

Mwaka ule wazo hilo lilimchekesha. Safari hii halikumchekesha hata kidogo.

Aliandika maombi yake ya pili hospitalini alikopangiwa, ndani ya kile chumba cha ustawi wa jamii, kati ya maboksi ya nguo za msaada na viti vya plastiki, wenzake wakiwa wametoka kwenda kula. Hakukaa pale kwa nia ya kudanganya. Ukweli ni kwamba hakuwa na nia yoyote. Alikuwa na wasiwasi tu, na mikono iliyozoea kuandika maisha ya watu. Akaanza kuandika yake kama alivyofundishwa kuandika ya mgonjwa: historia ya familia, chanzo cha tatizo, athari kwa mtoto. Na katika historia ya familia ile kulikuwa na mwaka mmoja ambao nyumbani haukutajwa.

Mwaka ule, walipotoka kumzika mama, Koki alikunywa. Alikunywa kweli kweli. Alirudi akitukana kuta. Siku moja alimchapa Profesa kofi, siku nyingine akabeba cherehani ya marehemu mama, akaiuza, pesa zikaishia kilabuni. Halafu asubuhi moja akaacha. Hakumwendea mtu wa dini wala mganga. Aliacha tu, akafanya vibarua kama punda mpaka akamfuata yule aliyeinunua cherehani akairudisha nyumbani, ile ile, na uzi ukiwa bado sindanoni. Hakugusa tena pombe. Wao wawili hawakuzungumza habari hiyo hata siku moja, na mke wa Koki, yule wifi mcheshi aliyeolewa baadaye, hakuwahi kuambiwa.

Profesa akauchukua mwaka ule mmoja akautandika juu ya utoto wake wote. Kofi likawa "vipigo vya mara kwa mara." Cherehani iliuzwa, haikurudi. Ada ikalipwa na "wasamaria wema mbalimbali." Kila kipande kilikuwa na ukweli wake, uongo ulikuwa katika namna alivyovishona.

Kisha akafanya jambo ambalo ni mtu wa fani yake tu angeweza kulifanya. Fani ile ina sheria kubwa: mteja hatajwi jina, mteja haanikwi. Hilo wanafundishwa kabla hawajajua choo kiko wapi. Basi Profesa akarudi juu, na kila palipokuwa na "kaka yangu" akafuta, akaandika "mlezi wa kiume, B." Alipofika mwisho moyo ukamtulia kabisa. Amemficha mhusika, amelinda faragha, maadili yamezingatiwa. Haikumjia hata kidogo kwamba mtu mwenye kaka mmoja tu duniani, akiandika juu ya B., hajamficha yeyote. Akabonyeza, maombi yakaenda, naye akatoka kwenda kutafuta kitu cha kula.

Wiki chache baadaye mratibu wa mfuko alimpigia simu. Alikuwa mama mwenye sauti ya kububujika, wa aina ya watu wanaokushika mkono hata kwenye simu.

"Mwanangu, tumelia! Kamati nzima tumelia. Umepata, ada yote na posho ya kujikimu mpaka umalize. Sasa tuna hafla ndogo na wafadhili wetu, tunataka uwasomee mwenyewe maelezo yako."

"Asante sana, mama. Ila... si angeweza kusoma mtu mwingine? Mimi nina woga wa kuongea mbele za watu."

"Woga gani, na wewe ni ofisa? Wafadhili wanataka kumwona mtu. Wakikuona, mwakani watatoa mara mbili, na wenzako watasoma. Jikaze."

Alijikaza kisabuni, akakubali. Na kwa nini asikubali? Wenzake watasoma. Mashine ya kaka imepona. B. hajulikani. Alijiambia hayo yote, lakini usingizi haukumwamini.

Koki aliposikia kwamba mdogo wake amepata, alisahau mgongo, akaruka. Akazunguka mtaa mzima kutangaza, akamwambia muuza duka, akamwambia kinyozi, akamwambia hata mama mmoja aliyekuwa bado hajamlipa pesa za kuzibua bomba.

"Mdogo wangu anasomeshwa na matajiri! Hafla ni lini? Nichukue nguo kwa fundi."

"Ni ya wanafunzi tu, kaka. Ndugu hawakualikwa."

Uso ulimshuka kidogo, akauinua haraka. "Basi siingii. Lakini nakupeleka. Huwezi kwenda kwa matajiri umebanana na watu, ufike nguo zimekunjamana. Naazima gari la rafiki yangu, nakuteremsha mlangoni, nasubiri nje."

Angesemaje? Alisema sawa.

Siku yenyewe Koki alikuja na gari jeupe lililooshwa mpaka likaona haya, amevaa suti yake ya harusi na tai nyekundu. Njiani alizungumza peke yake. Alisema sasa mashine ataipeleka ikanolewe, alisema mwanawe wa kwanza amekuwa msumbufu wa maswali kama shangazi yake. Profesa alikaa mbele pembeni yake na bahasha ya karatasi magotini, akawa anaitikia "ee" na "kweli kabisa", akiwa hasikii.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye mazulia na viti vilivyovishwa vitambaa. Profesa aliketishwa mbele. Alikuwa hata hajakaa vizuri alipomsikia mratibu mlangoni, akibubujika: "Jamani, baba wa watu anaungua jua nje na mgongo unamuuma! Ingia, baba, viti vipo, hapa hatubagui." Aligeuka. Koki alikuwa anaingia kwa aibu, tai nyekundu kifuani, anatembea kwa ncha za viatu asichafue zulia. Akakaa kiti cha nyuma kabisa. Kwenye kila kiti kulikuwa na kijitabu cha ratiba. Akakiokota asije akakikalia, akatoa miwani, akaanza kusoma.

Maelezo ya Profesa yalikuwa yamechapwa humo, neno kwa neno, pamoja na picha yake.

Alifikiri kuinuka, kwenda nyuma, kumpokonya. Alifikiri kuzimia; aliwahi kuona watu wakizimia na haikuonekana kazi ngumu. Lakini jina lake, lile la kwenye vyeti, lilikuwa linaitwa, watu wanapiga makofi, miguu ikampeleka jukwaani yenyewe.

Alianza kusoma. Mwanzo ulikuwa salama: wazazi, msiba. Sauti yake ilitetemeka, na wafadhili, wasiojua inatetemekea nini, wakainamisha vichwa kwa huruma. Alipofika kwa B. aliinua macho. Koki alikuwa na kidole juu ya ukurasa, kinatambaa mstari kwa mstari. Alikuwa msomaji wa polepole. Hakuwa amefika bado. Basi Profesa akapata ujanja. Akaruka. Aliruka aya nzima, akatua kwenye ndoto zake za kuwatumikia wanyonge.

Mratibu, aliyeipenda aya ile kuliko zote, alipunga kijitabu kutoka kiti cha mbele.

"Umeruka, mwanangu! Ile ya cherehani! Usiogope, isome tu, tuko pamoja nawe."

Kurasa zikafunuliwa ukumbi mzima. Angeweza kusema palepale kwamba aya hiyo si kweli. Neno lilikuwa mdomoni, lenyewe ni dogo. Lakini aliona ada, akaona wiki ya usajili, akawaona matajiri wale watakavyomtazama. Akarudi juu, akasoma. Akasoma kwamba mlezi wa kiume, B., alikuwa mlevi. Kwamba alimpiga mara kwa mara. Kwamba aliuza cherehani ya marehemu mama yake na kuinywea, na kwamba kutoka kwa B. hakupata hata penseli.

Hakuinua macho tena. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, ikamjaa masikioni hata hakusikia anasoma nini. Alipomaliza, ukumbi ulisimama. Makofi yalikuwa mengi. Kule nyuma Koki naye alisimama, kwa kushikilia kiti cha mbele yake, akapiga makofi pamoja na watu.

Alijua sasa kwamba hakufanya yale kwa ajili ya mashine. Alikuwa amejidanganya. Mtu anayetaka kukiokoa kifaa cha kaka yake hamuuzi kaka mwenyewe. Alipewa bahasha, akapigwa picha, akakumbatiwa na watu wenye manukato, na kila aliyemkumbatia alizidi kumchafua.

Aliposhuka jukwaani, mfadhili mkuu, mzee mpole mwenye fimbo, alimwandama mpaka mlangoni akimpongeza, mratibu akiwa nyuma yao. Koki alikuwa amesimama pale. Koti hakuwa nalo tena, wala tai. Alikuwa amekunja mikono ya shati, na funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

"Na huyu bwana ni nani wako?" mzee aliuliza.

Profesa alifungua mdomo.

"Mimi dereva tu, mzee," Koki alisema. "Nimemleta mama."

"Ahaa, vizuri. Umemsikia lakini? Umesikia huyo mlezi wake alivyomtesa?"

"Nimesikia, mzee."

"Watoto wanapitia mengi."

"Mengi sana, mzee. Na huyo B. hana la kujitetea. Pombe ni kitu kibaya." Alisema hivyo bila kejeli yoyote, macho chini, na Profesa, aliyemjua kwa kila kikohozi, alielewa kwamba hatanii. Alikuwa anakiri. Mbele ya watu asiowajua alikuwa anaukiri mwaka ule mmoja, na ile mingine yote aliyoilipa baadaye hakuidai.

"Madereva nao tumewatengea chochote," mratibu alisema, akatoa bahasha ndogo. "Chukua, baba, ukapate soda."

Koki akaipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Mungu awabariki."

Hapo ndipo ilikuwa zamu ya Profesa kusema. Yeye, ambaye tangu utotoni hakuweza kumsikia mtu akikosea akanyamaza, alisimama kati ya watu watatu walioukubali uongo wake, mmoja wao kwa kumpenda tu, akanyamaza.

Walitembea hadi kwenye gari, yeye hatua mbili nyuma. Alikwenda mlango wa mbele, kama walivyokuja. Koki alimtangulia, akamfungulia wa nyuma.

"Kaa nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Bado wanatuangalia."

"Kaka..."

"Ingia kwanza."

Aliingia. Koki akafunga mlango taratibu, akazunguka, akakaa kwenye usukani kwa kujishikilia kiuno, akawapungia mkono watu wa mlangoni. Wakatoka getini. Profesa alitafuta pa kuanzia, na kila alilolipata lilikuwa la mtu wa ofisini: naomba nieleze, mazingira yalinilazimu, sikukusudia. Aliwahi kuwasikia wazazi wakatili wakisema maneno hayo hayo mbele ya meza yake, na alikuwa akiyaandika kwa dharau.

Kona mbili mbele, ambapo hoteli haikuonekana tena, Koki alisogeza gari pembeni, akasimama.

"Haya, Profesa," alisema, akiondoa koti lake kwenye kiti cha mbele. Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. "Hawatuoni sasa. Njoo ukae mbele."

Alishika kitasa cha mlango. Akakiachia. Angekwenda kukaa pale pembeni yake, amtazame kwa macho gani? Aliinamisha kichwa juu ya bahasha yake akalia, na hakuweza kusema hata samahani. Koki alisubiri, injini inaunguruma, magari mengine yanapita. Alisubiri kwa muda mrefu, bila kugeuka. Kisha akaona kwamba haji, akaingiza gia, akampeleka nyumbani akiwa kule kule nyuma.